Bustani Ndani ya Maji

Sisi tuliokulia katika miji ya Pwani na kusomea chuoni twalikumbuka birika la msikiti kabla ya kukumbuka herufi. Mtoto alitumwa akatawadhe, naye akenda akaketi ukingoni akawaangalia samaki mpaka maalimu akamwita kwa jina la babake. Samaki wale, wasiozidi urefu wa kidole, hawakutiwa birikani kuwa pambo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Na katika majumba ya kale ya Lamu, waashi walikuwa na dasturi ya kujengea bakuli la kaure ya Kichina chini kabisa ya birika, ili maji yakipungua au birika likisafishwa samaki wapate pa kujihifadhi. Hao wazee wetu hawakuwa na neno akwariamu. Jambo lenyewe walikuwa nalo.

Nayasema haya kwa sababu nimerudi kutoka kisiwa cha Mfangano, huko Homa Bay, ambako nalikwenda kwa shughuli nyingine kabisa, na kilichonikaa moyoni ni tangi moja la kioo lililojaa majani.

Msomaji ambaye hajafika Mfangano ajue kwamba ni kisiwa cha milima kilichosimama penye mlango wa Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Mtu hupanda mashua Mbita, akapita Rusinga, akakaa majini saa moja na zaidi kulingana na injini na upepo, kisha akateremka Sena. Wenyeji wake ni Abasuba, watu ambao lugha yao ya asili imemezwa kwa sehemu kubwa na Kijaluo, na katika majabali ya Kwitone na Mawanga mna michoro ya kale ya miduara, myekundu na myeupe, iliyochorwa na watu waliokaa hapo kabla yao. Wazee walipaheshimu mahali hapo kwa jambo la mvua. Nimependezwa na hilo: kisiwa kilichozungukwa na maji pande zote, na bado watu wakapanda jabalini kuomba maji mengine.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliniuliza, "Mzee, wewe ni mtu wa baharini, umepata kuona chini ya ziwa?" Nikamjibu kwamba sijui hata kuogelea, aibu kubwa kwa mtu wa Mombasa. Akacheka, akanipeleka darasani.

Tangi lilikuwa juu ya meza ya mbao nzito, urefu wake sentimita 90, upana 30, kimo 45. Nalipiga hesabu kimoyomoyo: lita 121 na ushei. Mimi ni mtu wa chuo, na mtu wa chuo akiona maji hupima kama yamefika kulateni. Hayakufika, kwani kulateni kwa hesabu ya wanavyuoni wa leo ni karibu lita 200. Lakini maji yale yalikuwa meupe kama ya kisima kipya, na ndani yake mlikuwa na kichaka.

Kwa nyuma yalisimama majani marefu membamba kama utepe, yakilala juu ya uso wa maji yalipofikia ukomo wa kimo. Hayo wataalamu huyaita valisneria. Kando yake mlikuwa na mmea usio na mizizi hata mmoja, majani yake yamezunguka shina mithili ya mkia wa paka aliyekasirika, nao waelea utakavyo. Katika pembe moja palikuwa na yungiyungi mchanga mwenye majani mawili tu. Na baina ya vyote hivyo walipita samaki sita wadogo, mmoja wao wa kiume, mwenye rangi ya buluu ubavuni kama wino uliomwagika. Wavuvi wa huko huwaita fulu. Upande wa Tanzania huitwa furu.

Hapa nitangulize lalamiko la mshairi. Kiswahili chetu cha Pwani ni tajiri wa majina ya bahari. Tuna jina la kila upepo, kila bamvua na kila samaki wa mwambani. Lakini ukimwondoa yungiyungi na mafunjo, majani ya maji matamu tunayaita majani tu. Hatujayatazama, ndiyo maana hatujayapa majina.

Mwalimu alinieleza kazi yake, nami naieleza hapa kwa kuwa najua wako wasomaji watakaotaka kuijaribu, na kwa kuwa wengi hudhani kazi yote ni kununua kioo na kutia maji. Chini aliweka udongo wa tope la ziwa kiasi cha vidole viwili, juu yake mchanga uliooshwa mpaka maji yake yakatoka safi. Akapanda majani kwanza. Samaki hakuwatia. Alingoja wiki sita nzima, watoto wakimwuliza kila siku wataletwa lini.

Sababu ya kungoja ni hii. Samaki hutoa uchafu, na uchafu huo hugeuka amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Katika mchanga na juu ya majani huota vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hao huigeuza amonia ikawa nitriti, kisha nitreti, na hiyo nitreti majani huila kama shamba linavyokula samadi. Vijidudu hivyo havinunuliwi dukani kwetu. Huja vyenyewe, polepole. Anayetia samaki siku ya kwanza huwazika siku ya nne. Mchana, penye mwanga, majani huchukua hewa anayoitoa samaki na kumrudishia oksijeni. Ukitazama vizuri utaona mapovu madogo yamejipanga kwenye ncha za majani kama jasho. Usiku hali hugeuka, majani nayo yanavuta oksijeni ile ile, na kwa hiyo samaki wakizidi katika tangi dogo watakutwa alfajiri wamepanda juu wakihema.

Taa ya umeme wa jua huwashwa kwa saa nane au tisa, basi. Jua lenyewe la dirishani likipiga kioo moja kwa moja, huota utelezi wa kijani ukafunika kila kitu. Chakula ni kidogo, kile ambacho samaki wanakimaliza mara moja. Kila wiki robo ya maji hutolewa na kutiwa mengine. Mwalimu hutumia maji ya mvua na ya ziwa yaliyokaa. Sisi wa mjini tunaofungulia mfereji yatupasa kujua kwamba dawa inayotiwa kuua viini huua na samaki, na klorini ya kawaida hutoka maji yakiachwa wazi siku moja au mbili.

Jambo hili la samaki na majani kusaidiana lina historia, nayo si ya zamani sana. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyowaweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na valisneria, ile ile jamii ya utepe niliyoiona Mfangano. Walistawi, mpaka majani makuukuu yakaanza kuoza na maji yakavurugika. Basi akatia konokono wachache. Konokono wakala yaliyooza, na mayai yao yakaliwa na samaki. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ikafungua jumba la samaki kwa umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu ambacho kiliwatia Waingereza wazimu wa kujaza vioo sebuleni mwao.

Na valisneria wenyewe ni mmea wa kumshangaza mtu. Ua la kike huota katika shina jembamba lililojisokota, likajinyoosha mpaka likafika juu ya maji. Maua ya kiume ni madogo mno, nayo huota chini kabisa. Wakati ukifika hujikata yenyewe, yakapanda juu, yakaelea yakisukumwa na upepo mpaka likamgusa mwenziwe. Kisha lile shina la kike hujisokota tena likamvuta binti chini, azae mbegu zake sirini. Nimeandika mashairi ya mapenzi kwa miaka thelathini na sikupata kubuni kisa kama hicho.

Sasa nije kwenye shauri langu, maana sikukaa kuandika ili kusifu kioo.

Ziwa Victoria lilikuwa na aina za fulu zinazohesabiwa kwa mamia, karibu zote zisizopatikana popote pengine duniani. Katika miaka ya 1950 akatiwa ziwani mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, samaki anayeweza kufika urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Kwa miaka mingi hakuonekana sana. Miaka ya 1980 akafurika, na fulu wakatoweka mbele yake. Aina zinazokadiriwa kufikia 200 zimekwisha au hazikuonekana tena. Mbuta ameleta fedha, hilo silikani, na viwanda vya minofu vilijengwa kwa ajili yake. Lakini hakuwa peke yake katika kuharibu. Mbolea na udongo wa mashambani, na maji machafu ya miji, vimelifanya ziwa kuwa zito na la kijani. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliofanya utafiti wao upande wa Mwanza, walionyesha kwamba fulu wa kike humchagua mume kwa rangi, na maji yakivurugika rangi haionekani, aina zikachanganyika mpaka zikapotea bila ya kuliwa na mtu wala samaki.

Wengine wa fulu hao waliokolewa, wakapelekwa Uholanzi, na tangu miaka ya 1990 baadhi ya bustani za wanyama za Marekani zimewalea katika matangi ya kioo. Kwa hivyo kuna samaki wa ziwa hili ambao mtoto wa huko ng'ambo anaweza kuwatazama siku ya Jumapili, na mjukuu wa mvuvi wa Mfangano hawezi. Sina ugomvi na waliowaokoa, Mungu awalipe. Ugomvi wangu ni na sisi, tunaodhani kwamba kutunza samaki asiyeliwa ni mchezo wa matajiri.

Na kwa upande wa majani, maafa yalikuja na urembo. Gugumaji, lile lenye ua la zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilitembezwa duniani na watu waliolipenda kwa uzuri wake, wakalitia katika vidimbwi vya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana upande wa Uganda wa ziwa, na muda si muda likafika kwetu. Linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili. Kufikia mwaka 1998 ghuba ya Winam ilikuwa imezibwa pahali pengi, mashua zimekwama, mwenye nyavu hana pa kuzitupia. Mwaka 1997 Kenya ilikuwa imeanza kulitilia wadudu wadogo wa jamii ya fukusi, walioletwa makusudi kwa kuwa hula gugu hilo, na baada ya miaka michache likapungua sana. Lakini halikwisha, maana mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikingoja. Kule Naivasha nako palikuwa na kisa kama hicho: jani jingine la kuelea kutoka Brazil, salvinia, lilionekana katika miaka ya 1960, na inasadikiwa kwamba lilitoka katika tangi au kidimbwi cha mtu. Nalo lilishindwa na fukusi wake katika miaka ya 1990.

Sisimulii makosa ya wengine tu. Mwaka huo wa 1998 nalikuwa Kisumu, kijana mwandishi, nikaliona ua lile limetanda kama zulia la harusi. Nikang'oa shina moja nikalitia katika ndoo, nikasafiri nalo usiku kucha mpaka Mombasa, nikalipeleka kwa nyanyangu liwe zawadi ya birika lake. Bibi yule hakuwa amesoma ila Kurani na Barazanji. Alilizunguka akalitazama mizizi yake inayoning'inia, akasema, "Mjukuu wangu, kitu hiki wakitoa wapi? Mti hukaa mahali pake. Hiki chaogelea." Akalitupa jikoni, juu ya makaa. Nalikasirika siku mbili. Leo kila nikipita penye kijito chochote cha Pwani nikaona maji yake yako wazi, namwombea rehema.

Basi nasema wazi. Anayetaka bustani ndani ya maji aipande, na serikali iwape walimu wa visiwani kioo na taa kama inavyowapa chaki, kwani mtoto aliyeona kwa macho yake jani likimpa samaki pumzi hatahitaji kuhubiriwa habari za mbolea mtoni. Lakini apande majani ya maji yaliyo karibu naye. Asiagize ya kuelea kutoka nchi za mbali kwa sababu yana ua zuri, na la kwake likimchosha alikaushe juani kisha alichome. Asilitupe katika mfereji, wala kisimani, wala mtoni. Samaki pia, asiwafungulie kwa kudhani anafanya huruma. Mbuta naye alitiwa ziwani na watu walioamini kuwa wanafanya wema.

Wako watakaosema kwamba maji yenye majani na tope ni uchafu, na kwamba Muislamu hapaswi kujaza kitu kama hicho nyumbani. Hao wakafungue tena mlango wa tohara. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maji yakigeuka kwa kukaa kwake, au kwa tope la mahali pake, au kwa utelezi wa kijani unaoota ndani yake, yabaki tohara na ya kutoharisha. Wanavyuoni walijua tofauti ya maji yaliyo hai na maji yaliyochafuliwa. Sisi tulio na mifereji ndio tuliosahau, tukaona maji safi ni yale yasiyo na kitu ndani.

Onyo moja la haraka, na lichukuliwe kwa uzito. Habari ya konokono wa Warington isimdanganye mtu wa huku. Katika kingo za Ziwa Victoria, hasa penye majani, mna konokono wabebao kichocho cha matumbo, na watoto wa visiwa hivi wameugua sana kwa ugonjwa huo. Mtu asiingie majini miguu mitupu kwa ajili ya kung'oa jani la kupamba sebule. Mwalimu hakuingia. Majani yake aliyapata kwa wavuvi, yaliyonaswa nyavuni, akayashika kwa mipira ya mikononi, akayarovya katika beseni la maji ya shabu, ile shabu wanayoijua vinyozi wetu, kisha akayaweka peke yake siku nyingi akichungua chini ya kila jani kama pana konokono au mayai yake, ambayo hufanana na ute mgumu. Alichokitilia shaka alikichoma.

Siku ya kuondoka, msichana mmoja wa darasa la sita alinifuata gatini Sena akiwa na chupa ya plastiki. Ndani yake alikuwa ametia kipande cha ule mmea wa mkia wa paka, ukielea umejikunja. "Babu, hii ni yako, uipeleke baharini." Nikamwambia baharini ungekufa kwa chumvi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi uipeleke nyumbani kwako."

Sikuwa na moyo wa kumkatalia mbele ya wenziwe. Niliipokea, nikaishika magotini njia nzima, maji ya ziwa yakinirukia na yale ya chupani yametulia. Tulipofika Mbita nikampa nahodha chupa ile, pamoja na nauli yake, nikamwomba airudishe kwa mwalimu jioni hiyo hiyo.